Dar es Salaam hadi Ngaka: Safari Haiishii Kiwanjani

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi kiwanja cha Songea ni kilomita 580 hivi, ukipima kwa mstari ulionyooka. Kwa gari, ukipita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, ni takriban kilomita 950. Hizo kilomita 370 za tofauti ndizo zilizonitoa nyumbani safari hii. Nilitaka kwenda Ngaka, kwenye makaa ya mawe ya Mbinga, kisha nishuke mpaka Ziwa Nyasa, na njiani nipime jambo moja: muda unaotajwa kwenye ratiba ya ndege unamsaidia nini mtu ambaye safari yake haiishii kiwanjani?

Asubuhi ile jengo la abiria wa ndani lilikuwa limejaa. Kwenye mstari wa Songea walikuwepo watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa kahawa na mahindi, masista waliokuwa wanarudi Peramiho, na vijana wenye buti za mgodini. Nyuma yangu alisimama mzee mmoja mwenye koti zito ambalo kwa joto la Dar es Salaam lilionyesha wazi anakokwenda.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe unakwenda kwetu?"

Nikamwambia naelekea Mbinga. Akaniambia na yeye ni Mbinga, anawahi maziko ya dada yake. Taarifa alikuwa ameipata jana yake usiku, na maziko ni leo alasiri. Watoto wake walichangishana nauli usiku uleule, kila mmoja alichonacho. "Kwa basi ningefika watu wanakunja mikeka," alisema, kisha akanyamaza.

Maneno ya mzee yule yalinipa sababu ya ndege kuwepo. Basi la Songea hutumia mchana mzima na kipande cha usiku: hupunguza mwendo kwenye hifadhi ya Mikumi, hupanda mlima Kitonga nyuma ya malori, hupoteza muda kwenye mizani na vituo vya ukaguzi, na kutoka Makambako bado linabakiwa na karibu kilomita 300 za kona na mabonde ya Njombe. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku, mtu anaweza kuondoka jioni akaamkia Ruvuma. Hata hivyo msiba hausubiri, na mgonjwa naye hasubiri.

Tulipanda Bombardier ya Air Tanzania, aina ya Q400, yenye viti 76 na mapangaboi mawili. Ndege hii ikiwa juu huenda kwa mwendo wa kilomita 650 hivi kwa saa. Mtu akigawanya 580 kwa 650 atapata dakika hamsini na kitu, na wengi huishia hapo, kisha wakashangaa ratiba inapotaja karibu saa moja na nusu. Ukweli ni kwamba ndege haianzi safari ikiwa na mwendo huo. Inatembea ardhini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia na kusubiri zamu yake. Ikisharuka, inapanda taratibu kwa dakika kadhaa. Kabla ya kufika inaanza kushuka mapema na kupunguza mwendo, halafu inazunguka kujipanga na upande wa kutua. Upepo nao una neno lake: wa mbele huongeza dakika, wa nyuma huzipunguza.

Kwa sababu hiyo masafa mafupi ya angani yana hesabu yake ya pekee. Kutoka Heathrow, London, hadi Charles de Gaulle, Paris, ni kilomita 350 tu, lakini ratiba za huko nazo hutaja saa moja na robo au zaidi. Safari yetu ya Songea inazidi ile kwa kilomita 230, na muda wake unazidi kwa dakika chache tu. Kuruka na kutua kunachukua muda uleule uende karibu au mbali, na kiwanja chenye msongamano kinaongeza wake. Marubani wenyewe hupima kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, sawa na dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia. Kwa kipimo chao Songea iko maili 313 kutoka Dar es Salaam. Ndege ikipitia Mtwara kwanza, habari inabadilika kabisa: Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita 400, na Mtwara hadi Songea ni 500. Jumla yake ni 900, karibu sawa na urefu wa barabara ya Njombe. Ukikata tiketi, uliza kwanza ndege inapitia wapi, ndipo uulize inaondoka saa ngapi.

Sisi tulikwenda moja kwa moja. Nilikaa dirishani upande wa kulia. Mabati ya Mbagala yakapungua, ikaja minazi na mikorosho ya Mkuranga, kisha Mto Rufiji ukajitokeza, mpana, wenye rangi ya udongo, umegawanyika vijito kati ya mchanga. Mbali upande wa magharibi nililiona bwawa la Julius Nyerere likiakisi jua. Ni bwawa lile lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115. Baada ya hapo ardhi ikabaki msitu mtupu. Dakika zilipita bila paa la nyumba, bila shamba, bila barabara, ni miombo na mabonde ya mito tu, na hapa na pale moshi wa moto wa porini.

Pori hilo ndilo linaloeleza zile kilomita 370. Hii ni Selous, iliyotambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1982, na ambayo sehemu yake ya kaskazini, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000, ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Iko katikati ya Dar es Salaam na Songea, na hakuna barabara kuu inayoipasua. Msafiri wa gari ana njia mbili za kuizunguka. Anaweza kupita magharibi, Iringa na Njombe, au kupita pwani ya Lindi, akakunja Masasi na kuifuata barabara ya Tunduru na Namtumbo, safari ya kilomita zaidi ya 1,000. Kutoka London hadi Edinburgh ndege hupita kilomita 530 na gari hupita 650 hivi, kwa hiyo barabara ya kule huizidi njia ya angani kwa kama robo. Yetu huizidi kwa zaidi ya nusu. Sina ugomvi na jambo hilo. Tembo na miombo wana haki ya kubaki walipo, na taifa lililoamua kuwalinda limefanya la maana. Lakini gharama ya uamuzi huo inalipwa na mtu wa Ruvuma kila anaposafiri, na wanaopanga nauli za ndege na ratiba za kwenda kusini wanapaswa kuikumbuka.

Songea tulifika kabla ya saa sita. Kiwanja chake, huko Ruhuwiko, kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana kurefushwa na kukarabatiwa kwa njia ya kurukia ya Songea kulikuwa jambo kubwa kwa mkoa huu: bila njia ndefu na imara, ndege ya viti 76 haiwezi kuondoka hapa ikiwa imejaa watu na mizigo. Mlango ulipofunguliwa, upepo wa baridi ukaingia. Mzee wangu akafunga vifungo vya koti. Nje, mpwa wake alikuwa anamsubiri na gari ambalo injini yake ilikuwa inanguruma tayari. Tuliagana kwa mikono miwili, nikampa pole tena, wakaondoka.

Na hapo ndipo kipimo changu kilipoanza kufanya kazi, kwa sababu mimi sikuwa na mpwa wa kunipokea.

Mtu anayeshuka Songea bila gari lake huchukua bodaboda, bajaji au teksi mpaka mjini, halafu hutafuta Coaster ya Mbinga. Coaster haifuati ratiba ya ndege. Inaondoka ikijaa, na kujaa kwake kunategemea soko, siku ya wiki na mvua. Tulikaa humo muda mrefu kuliko tuliokaa angani, kondakta akiita "Mbinga, Mbinga, Mbinga, nafasi mbili!" hata nafasi zilipokuwa kumi. Kina mama walipakia ndoo, mifuko ya unga na vifaranga kwenye boksi lenye matundu. Kijana mmoja alishuka akaenda kunywa chai, akarudi, akashuka tena akanunua vocha, akarudi, gari bado lipo.

Barabara yenyewe ni nzuri. Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100 za lami. Ukitoka mjini unaipata Peramiho, ambako Wabenediktini walijenga misheni yao tangu mwaka 1898, na hospitali yao bado inapokea wagonjwa wa mkoa mzima na hata wa nje ya mkoa. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani zilizopitia mpango wa MCC, na kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wenyeji wa umri wangu bado wanaikumbuka barabara ya zamani na matope yake, malori yaliyokwama na abiria waliolala njiani wakati wa masika. Leo dereva makini huimaliza kwa saa mbili au pungufu.

Sikwenda moja kwa moja hadi Mbinga. Nilishuka Amani Makoro, kwenye njia panda ya kwenda Ruanda na Lituhi. Huna haja ya kibao kujua kwamba hii ndiyo njia ya Ngaka. Majani ya pembeni yana vumbi jeusi, na malori makubwa yamepanga foleni, semi kwa semi, mengine yanakwenda matupu, mengine yanarudi yamefunikwa maturubai yaliyokazwa kwa kamba. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Kaka, unakwenda mgodini au Ruanda?" Nikamwambia kote. Akafunga begi langu kwa mpira kwenye tangi, akanipa kitambaa cha kufunika pua, tukaondoka.

Kutoka pale hadi Ruanda ni kilomita 35 hivi. Tulipita sehemu ambako ujenzi wa lami ulikuwa unaendelea, tukapita sehemu za kifusi, tukapita sehemu za udongo uliosagwa na matairi mpaka ukawa unga. Kila lori lilipopishana nasi, kijana alisogea pembeni kabisa, akasimamisha pikipiki na kuinamisha kichwa mpaka vumbi litulie. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayeijua kazi yake. "Hawa hawatuoni," aliniambia. "Vumbi lake la nyuma linamficha anayemfuata. Ukitaka kuishi, subiri." Tulisubiri mara nyingi.

Ngaka ni jina la mto unaoteremka kuingia Ruhuhu, na ni jina la makaa yaliyo kwenye bonde lake. Mgodi uko Ntunduwaro, kata ya Ruanda. Uchimbaji ulianza mwaka 2011 chini ya kampuni ya Tancoal, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilikuwa na asilimia 30 ya hisa zake na asilimia 70 zilikuwa za Intra Energy ya Australia. Wateja wa kwanza walikuwa viwanda vya saruji na viwanda vingine vya humu nchini. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati duniani, wanunuzi wa Ulaya na Asia waligeuza macho kusini mwa Tanzania, na makaa ya Ngaka yakaanza kupita bandari ya Mtwara kwa wingi ambao barabara hii haikuwahi kuuona.

Kando ya barabara niliokota kipande kilichodondoka kwenye lori. Kilikuwa chepesi kuliko jiwe la ukubwa ule. Ukikigeuza kwenye mwanga unaona mistari: mstari unaong'aa kama lami mbichi, chini yake mstari uliofifia, kisha unaong'aa tena. Kila mstari ni mabaki ya mimea ya kinamasi kilichokuwepo hapa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, enzi ambazo Afrika, India, Australia na Antaktika zilikuwa bara moja. Tabaka hizi, ambazo wanajiolojia huziita za Karoo, ndizo zinazoonekana pia Mchuchuma upande wa Ludewa. Kipande changu kilinyofoka pembeni kwa kubonyezwa na kidole gumba tu, kikaacha weusi usiotoka kwa maji peke yake.

Chini ya mwembe, mama ntilie alikuwa anapakua ugali na maharage kwa madereva na mautingo. Dereva mmoja, mtu wa Masasi, alinieleza hesabu yake. Kutoka hapa hadi bandari ya Mtwara ni zaidi ya kilomita 700: Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi, Mtwara. Akiwa na mzigo hawezi kukimbia. Hulala njiani, hupima mzigo kwenye mizani, husubiri kushusha, kisha hurudi mtupu. "Makaa yanasafiri kuliko mimi," alisema. "Mimi naishia bandarini, yenyewe yanapanda meli." Nilimwuliza mama ntilie yeye husafiri wapi. Akanijibu, huku anakoroga maharage: "Mbinga, mwanangu, nikiugua au mtoto akiugua. Kiangazi ni vumbi, masika ni matope. Ndege naiona inapita juu."

Jibu lake lilinifanya nifungue daftari na kuandika hesabu ya siku ile. Kilomita 580 za angani zilikwisha kwa saa moja na nusu. Kilomita mia na ushee zilizobaki, pamoja na kusubiri Coaster ijae na kusubiri vumbi litulie, zilinimalizia mchana wote. Kwa mtu wa Ntunduwaro, kiwanja cha Songea kikirefushwa ni habari njema, lakini umbali wake halisi uko hapa, kati ya mlango wake na lami.

Jioni nilifika Mbinga mjini, na usiku ule niliomba blanketi la pili. Asubuhi nilitoka mapema kuzitazama ngoro, mashamba ya mashimo ya Wamatengo, maana mtu hapiti Umatengo akaacha kuziona. Kwenye mteremko ambao ungedhani hata mbuzi atautafakari kwanza, shamba zima limegawanywa visanduku vya mashimo, safu juu ya safu. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, na mazao hupandwa kwenye matuta yanayobaki, mahindi kwa zamu na maharage. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni badala ya kukimbia na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Wamatengo wamekilima kilimo hiki kwa vizazi vingi kabla mtaalamu yeyote wa udongo hajaja kukipima. Zaidi ya hayo kuna migomba na kahawa ya arabika, zao lililosomesha watoto wengi wa wilaya hii.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66. Barabara hii nayo sasa ni ya lami, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika kilomita hizo unashuka karibu mita 900, kutoka kwenye baridi ya Umatengo hadi ziwani, ambako uso wa maji uko mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari. Masikio yanaziba na kuzibuka kama ndani ya ndege. Kona moja unaona migomba, kona ya pili mihogo, kona ya tatu miembe, na abiria wanaanza kuvua makoti mmoja mmoja. Kisha kwenye uwazi kati ya milima miwili ziwa linatokea. Ni la bluu iliyokolea, na ng'ambo yake, siku ile ya hewa safi, milima ya Malawi ilionekana kama wino uliomwagikia maji.

Mbamba Bay ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ufukweni nilikuta usipa, wale dagaa wa Nyasa, wameanikwa juu ya chanja, na wasichana wanawageuza kwa fagio laini kabla jua halijawakausha kupita kiasi. Kando, wavuvi walikuwa wanagawana mbelele na mbasa, mbasa akiwa ndiye samaki ambaye mgeni wa heshima hupikiwa. Nilinunua, nikakaangiwa, nikala pale pale kwa ugali wa muhogo.

Hapa ziwani suala la umbali lilinirudia kwa nguvu zaidi. Ng'ambo ya Mbamba Bay kuna Nkhata Bay ya Malawi, kilomita 60 na kidogo kwa mstari ulionyooka. Ukitaka kwenda huko kwa gari, unarudi Mbinga na Songea, unapanda Njombe na Makambako, unakunja Mbeya, unavuka mpaka Kasumulu, kisha unateremka Karonga na Mzuzu. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kumfikia mtu ambaye usiku taa zake za uvuvi na za kwako zinaelea kwenye maji yaleyale. Na watu wa pande hizi mbili ni ndugu. Wanazungumza lugha zinazofanana, wanaoleana, wanafuatana kwenye misiba.

Zamani ziwa hili lilikuwa barabara kuu. Waanglikana wa misheni ya UMCA walilizunguka kwa meli yao Chauncy Maples kuanzia mwaka 1901, kutoka Likoma hadi Liuli na vituo vingine vya ufukweni. Liuli, kaskazini kidogo ya Mbamba Bay, ndiko Waingereza walikoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, mwezi Agosti 1914, ikiwa imetolewa majini kwa matengenezo. Lilikuwa miongoni mwa mapambano ya mwanzo ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia hata nahodha wa meli iliyoshambuliwa. Na kati ya mwaka 1949 na 1950 ziwa lenyewe liligeuka kiwanja cha ndege: ndege za maji za shirika la Uingereza la BOAC, zilizotoka Southampton kwenda Johannesburg, zilitua Cape Maclear upande wa kusini. Zilikuja, zikatua, zikaondoka, na mvuvi wa Mbamba Bay akaendelea kupiga kasia.

Leo upande wetu kuna MV Mbeya II, yenye uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, inayounganisha bandari za Kyela na za Ruvuma, na bandari mpya inajengwa Mbamba Bay. Kaskazini, kwenye mdomo wa Ruhuhu, daraja limechukua nafasi ya kivuko kilichokuwa kinawavusha watu kati ya Ludewa na Lituhi, kwenye mto wenye mamba. Kazi inafanyika, na mwenye macho anaiona. Nimesafiri kusini kwa miaka, na sijawahi kuiona ikiwa imefunguka kama sasa.

Lakini haijafunguka sawasawa kwa wote. Ndege imempa mzee wangu wa koti zito nafasi ya kumzika dada yake, kwa sababu watoto wake walikuwa na cha kuchanga na mpwa wake alikuwa na gari. Mama ntilie wa Ruanda hana tiketi wala mpwa. Kwake yeye maendeleo ya usafiri yataanza siku lami itakapotoka Amani Makoro ikapita mbele ya kibanda chake na kuendelea hadi Lituhi ziwani, ili barabara inayobeba makaa yenye thamani kubwa namna ile ibebe pia mjamzito bila kumtikisa.

Kwako msomaji unayepanga safari ya huku: usipange kwa muda wa ndege peke yake. Hesabu tangu unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapobisha hodi ya mwenyeji wako. Ukienda Mbinga, tenga siku nzima hata kama ndege inakuchukua asubuhi. Ukienda Ngaka wakati wa masika, ongeza nyingine. Chukua koti kwa ajili ya Mbinga na nguo nyepesi kwa ajili ya ziwa, na ukifika Mbamba Bay uulize mbasa.

Na kwa wenye mamlaka ya barabara, viwanja na bandari, ombi langu ni la wazi. Malizieni barabara ya Ruanda na Lituhi. Wekeni usafiri wa umma unaolingana na saa za kutua kwa ndege pale Songea. Rudisheni meli ya uhakika kati ya Mbamba Bay na Nkhata Bay, ili ndugu wenye kilomita 60 za maji kati yao wasilazimike kuzunguka elfu moja. Kilomita 580 za angani tumeshazimudu. Zilizobaki ni za ardhini na majini, ni chache, na watu wa Ngaka wamezisubiri vya kutosha.